Dirisha la Kumi na Mbili

"Umesikia?"

"Sikusikia kitu."

"Appolonia Trexler, usinidanganye mchana kweupe! Nywele zimekusimama mpaka kofia imeinuka, halafu unaniambia hukusikia kitu?"

"Ni panya."

"Panya! Panya gani huyo anagonga mara tatu, anatulia, halafu harudi tena mpaka kesho saa sita? Ana saa mfukoni?"

Ndivyo tulivyowaacha wiki jana, wanawake wawili na ua wa fito katikati yao, mmoja na ndoo, mwingine na mikono kiunoni. Juu yao ulisimama ukuta wa mawe wa nyumba ya Trexler, umepakwa chokaa nyeupe, na kutoka ndani ya ukuta huo, mahali ambapo wenye nyumba waliapa hapana dirisha, kitu kilikuwa kimegonga.

Ko. Ko. Ko.

Appolonia aliweka ndoo chini. Maji yalimwagika kwenye viatu vyake na hakuangalia.

"Jirani, nakuomba. Punguza sauti. Askari wako njia panda."

"Wako njia panda wanakunywa!" alijibu Gertraut Schantz. Mama huyu, mjane wa fundi mapipa, hakuwahi kupunguza sauti tangu alipobatizwa. Habari za wilaya nzima ya Northampton zilipita jikoni kwake kwanza, ndipo zikaenda kanisani. "Mimi siwaogopi. Ninayemwogopa ni yule mzee uliyemfungia humo. Wiki ya tisa hii! Mkwe wako anagonga atoke, na wewe unasema panya!"

Aliyechelewa kuingia kwenye hadithi asogee hapa karibu, nimwambie upesi. Wakubwa wa Filadelfia walitaka vita na Wafaransa, vita vikataka fedha, na rais akatia sahihi kwamba fedha itoke kwenye nyumba za watu. Wakaguzi wakatumwa kupima kuta na kuhesabu madirisha. Huku kwetu wanawake waliwapokea kwa maji ya moto kutoka ghorofani. Kwa hilo rais ametuletea jeshi zima, kana kwamba sisi ndio Wafaransa.

Sasa, nyumba za kizamani za huku zina kidirisha kimoja kidogo, chumba cha juu, upana wa sinia ya mkate. Hicho hakifunguliwi kwa upepo wala kwa mwanga. Hufunguliwa mtu anapokata roho, roho ipite, kisha hufungwa mara moja isije ikageuka njiani. Ndicho kidirisha ambacho Lorentz, mume wa Appolonia, alikipigilia mbao mwezi wa pili na kukipaka chokaa.

Siku tano baadaye baba yake, mzee Velten, alikufa ndani ya chumba hicho hicho. Kidirisha kikabaki kimefungwa.

"Nilimwambia Lorentz tufungue," alisema Appolonia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee alikuwa anahema kama msumeno. Nilimpigia Lorentz magoti. Akasema, nikifungua hapo najifunga mwenyewe."

"Na bado mzee humo mkamwacha."

"Gertraut, ungefanya nini wewe? Stoffel, yule mkaguzi, ameapa mbele ya hakimu kwamba maji yaliyomuunguza yalitoka ukuta huu. Kila mtu akamcheka, kwa sababu ukuta huu hauna dirisha. Siku dirisha likionekana, kicheko kimekwisha na Lorentz anapelekwa Filadelfia na pingu. Wanasema watanyonga watu, jirani. Watanyonga!"

"Wanasema mengi. Kuna mlevi mmoja huko chini katiwa ndani kwa kumsema rais kwenye baa. Kwani sisi tulimfukuza mfalme wa Uingereza tuje tufungwe kwa kusema?" Gertraut alisogea hadi kifua chake kikagusa ua. "Lakini hayo ya walio hai yana mawakili. Aliyekufa ana nani? Maziwa yako yanaganda kabla hayajapoa. Saa yako ya ukutani umeitia ufunguo mara ngapi, na inasimama saa ngapi?"

Saa ilisimama saa sita. Kila siku saa sita.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Gertraut, wala mchungaji. Asubuhi ile, alipofuta meza, alikuta kijiko cha mti cha mzee Velten kimelazwa mahali pake, upande wa dirisha kubwa. Alikuwa amemzika mzee na kijiko kile. Alikitia mwenyewe mkononi mwake.

"Leta ngazi," alisema ghafla.

"Nini?"

"Umenisema wiki tisa, Gertraut Schantz! Leta ngazi yako, ile ndefu, kabla moyo haujanibadilika!"

*

Ngazi ilisimama. Appolonia alipanda na nyundo, sketi ameikunja kiunoni kama mchuma matufaha. Gertraut alishika chini, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa kimya.

Ubao wa kwanza ulitoka ukilia. Chokaa ilimwangukia Appolonia machoni.

"Kuna nini?" aliuliza Gertraut.

"Kioo. Kichafu. Sioni ndani."

"Sema maneno, basi! Mwambie aende kwa amani!"

"Bado mbao mbili."

Hapo ndipo waliposikia kwato.

"Shuka!" Gertraut alinong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi zizini. "Shuka, mwanamke, shuka, vumbi hilo, wanakuja!"

"Wewe si uliniambia nifungue?"

"Nilisema ufungue, sikusema ufungue mbele ya serikali!"

Walikuwa wamechelewa. Farasi wawili walisimama langoni. Mmoja alikuwa wa askari, mtu mzima mwenye tumbaku shavuni, ambaye katika lugha yetu alikuwa amejifunza neno moja tu, nalo ni bia. Wa pili alikuwa wa Christoffel Hummel.

Wote walimwita Stoffel. Alikuwa mkaguzi wa serikali katika kata hii, na kofiani alivaa utepe mweusi uliokunjwa kama ua, alama ya watu wa rais. Kutoka sikio la kushoto hadi kwenye kola shingo yake ilikuwa nyekundu na imekunjamana, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Alitazama ngazi. Alimtazama Appolonia na nyundo yake. Halafu alitazama kile kipande cha kioo, kikimeta kwenye ukuta usio na dirisha.

Msomaji, kwa wiki tisa mtu huyu hakuweza kuingia dukani bila mtu kumuuliza kama ukuta umemtemea mate tena. Watoto walimwimbia. Mchumba wake alirudisha shali. Sasa alisimama pale na hakucheka, wala hakupiga kelele. Alitoa daftari mkobani.

"Nyumba ya Trexler," alisoma. "Madirisha kumi na moja." Akalamba kalamu ya risasi. "Hilo ni la kumi na mbili."

"Stoffel," alisema Appolonia kutoka juu ya ngazi.

"Bwana Hummel."

"Bwana Hummel. Nisikilize."

"Nilisikiliza mwezi wa pili. Lorentz alisimama pale mlangoni, akaniambia mbele ya watu kwamba nimeungua kwa uji wangu mwenyewe." Aligusa shingo bila kujua. "Nyumba ilikuwa na mwanamume mmoja mwenye miguu. Wewe ulikuwa zizini, niliona ndoo yako mlangoni. Mzee alikuwa kitandani anakufa. Nani alimwaga?"

Appolonia alifuta chokaa machoni. Yeye mwenyewe aliamini hivyo hivyo. Alipotoka zizini siku ile alimkuta Lorentz tayari ana misumari mdomoni. "Usiniulize kitu," alimwambia, kwa ile sauti ya kina Trexler, nzito na yenye mkwaruzo, ambayo baba na mwana waligawana kiasi kwamba mtu akiwa jikoni hawezi kujua ni nani anayeita. Naye hakuuliza. Na sasa Lorentz yuko mahali fulani Mlima wa Bluu, analala kwenye majani ya mwaka jana.

"Kapteni anataka majina kabla ya jioni," alisema Stoffel. "La Lorentz nilikuwa nimeliacha wazi, kwa sababu sikuwa na dirisha. Sasa ninalo."

Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Hakuwa Lorentz!"

Wote waligeuka. Hata askari, ambaye hakuelewa, aliacha kutafuna.

Gertraut Schantz alikuwa amekumbatia ngazi kama mtu anayezama. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa mwekundu, ulikuwa rangi ya unga.

"Hakuwa Lorentz. Nilikuwa hapa, naanika mashuka. Niliona mkono. Niliona kofia ya kulalia, nyeupe, yenye kishada chekundu. Velten alitoka kitandani, Mungu anajua kwa nguvu zipi. Alimwaga, akaweka birika dirishani, akaniona. Akajiwekea kidole mdomoni. Hivi. Nyamaza. Na akanikonyeza, mzee yule, na mauti yamemkalia kifuani!"

Appolonia alihisi ngazi ikiyumba, au ni yeye.

"Wiki tisa," alisema. "Wiki tisa umenisimanga kwenye ua huu, na ulijua?"

"Ningesema, wangeniita shahidi! Filadelfia, shoga yangu, umri huu, mbele ya majaji! Na yeye alinikataza. Unajua mimi nimekaa na jambo moja wiki tisa bila kumwambia mtu? Nimekonda!"

"Uongo," alisema Stoffel. Lakini alisema taratibu. "Mnamtupia marehemu kwa sababu marehemu hafungwi. Mzee Velten asingenifanyia hivyo mimi."

Hapo sauti yake ilikatika, na lazima niwaambie kwa nini. Velten Trexler alikuwa baba wa ubatizo wa Stoffel. Wazazi wa Stoffel walikufa kwa homa mwaka mmoja, na kuanzia hapo hadi alipoota ndevu alikula kwenye meza ya nyumba hii. Mzee alikuwa na desturi yake: chakula kikiiva, alichukua kijiko chake cha mti akagonga meza mara tatu, na yeyote aliyekuwa akipita njiani aliitwa kwa kelele: unasimama nje kama nani? Ingia ule!

"Nionyesheni hilo birika," alisema Stoffel. "Kama aliliweka dirishani na Lorentz akapigilia mbao juu yake, litakuwepo. Kama halipo, naandika jina."

"Shuka," Stoffel alimwambia Appolonia. Akapanda yeye.

Mbao mbili zilizobaki alizing'oa kwa mikono. Kidirisha kilifungukia ndani. Ukuta wa mawe wa nyumba hizi una unene wa mkono mzima, na kwenye kizingiti, kati ya mbao za nje na kabati ambalo Lorentz alilisukuma upande wa chumbani, palikuwa na nafasi kama kaburi la paka.

Stoffel alitazama humo muda mrefu.

Kwanza alitoa kofia. Nyeupe, kishada chekundu. Appolonia alitoa sauti isiyo neno. Kofia ile waliitafuta nyumba nzima siku ya mazishi; walimzika mzee kichwa wazi, na majirani walisema.

Kisha Stoffel aliingiza mkono kutoa birika.

Alipiga ukelele na kuurudisha. Ngazi iligonga ukuta. Aliuinua mkono wake, na vidole vinne vilikuwa na alama nyekundu inayovimba mbele ya macho yao.

"Ni la moto," alisema.

"Haiwezekani," alisema Appolonia.

"Nakwambia linachemka! Mvuke huu huuoni?"

Waliuona. Mwembamba, mweupe, ulitoka kwenye kidirisha, haukupanda juu kama mvuke wa kawaida. Uliteremka kando ya ukuta, ukapita karibu na shavu la Stoffel, mahali palipoungua, ukakaa hapo kidogo, kisha haukuonekana tena.

Gertraut alisema sala yote bila kuvuta pumzi.

Askari langoni aliuliza kitu kwa lugha yake. Farasi wake alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, masikio yamelala.

*

Stoffel alishuka. Alikaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, kofia ya mzee mapajani, ya kwake yenye utepe mweusi imeanguka kwenye tope.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. Hakuwa akimwuliza mtu. "Nilikuja kuhesabu madirisha tu. Ningekuja mimi au angekuja mgeni. Nikasema, bora mimi, nitawapunguzia."

"Alipigana na mfalme miaka mitano," alisema Appolonia. "Alirudi na vidole vitatu vya mguu. Alipokuona mara ya kwanza na daftari lile, alisema, wamemtuma mtoto wangu mwenyewe. Alilia, Stoffel. Sikuwahi kumwona akilia."

"Na baadaye?"

"Baadaye alikuita. Siku zile tano. Alikuwa anaweweseka: Stoffel amekula? Mwiteni Stoffel. Nikadhani ni homa." Appolonia alijifuta uso kwa aproni, chokaa na machozi vikawa kitu kimoja. Sasa ilibidi aseme lile jingine, na lilikuwa zito kuliko nyundo. "Mwitaji wa mazishi alipokuja kuchukua majina ya nyumba za kupita kualika, nilimtajia kata nzima. Lako nikaliruka. Nilisema sitaki mbwa wa serikali kwenye meza yangu."

Stoffel aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Nilivaa koti jeusi," alisema. "Nilikaa kwenye kizingiti changu tangu alfajiri, nikimngoja mwitaji. Alipita, farasi mweupe, nikasimama. Hakupunguza hata mwendo."

Huku kwetu anayekula chakula cha msiba wa mtu amekwisha futa neno lake na mtu huyo. Ndiyo maana watu hualikwa hata wakiwa na ugomvi. Hasa wakiwa na ugomvi. Asiyealikwa hawezi kusamehe hata akitaka, na aliyekufa hawezi kusamehewa.

Appolonia alikuwa ameelewa sasa, na uelewa ule ulimshika kama maji baridi. Wiki tisa alidhani mzee anagonga atoke. Lakini mtu anayetaka kutoka hagongi saa sita, saa ya chakula. Hagongi mara tatu.

Dirisha lilikuwa wazi, na mzee hakuwa ameondoka.

"Jina la Lorentz," alinong'ona Gertraut. "Umeliandika?"

Stoffel alitazama daftari. Kalamu ilikuwa imeacha nukta moja tu kwenye karatasi.

"Bado," alisema. "Nikilifuta, kapteni ataniuliza nani alimwaga. Nikimwambia ni marehemu, atanicheka kama mlivyonicheka nyinyi. Askari yule ameona dirisha. Sijui. Haki ya Mungu sijui nifanye nini na..."

Ko. Ko. Ko.

Haikutoka juu. Ilitoka chini, ndani, jikoni. Mti juu ya mti. Kijiko juu ya meza.

Gertraut alimshika Appolonia mkono, kucha zikaingia.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu," alisema Appolonia. "Nimefunga mlango wa nyuma mwenyewe."

Lakini kulikuwa na harufu. Matufaha makavu, paja la nguruwe, madonge ya unga yaliyoiva sasa hivi. Appolonia hakuwa amewasha moto tangu asubuhi. Harufu ilitoka chini ya mlango na kujaa uani. Stoffel, ambaye hakuwa amekula chakula kile tangu mwaka uliopita, aliinuka bila kujua kwamba ameinuka.

Langoni, askari alinusa, akatabasamu, akateremka farasini. Bunduki ilikuwa begani.

Appolonia alipiga hatua kwenda mlangoni. Alijua neno la kusema, lile alilopaswa kusema wiki tisa zilizopita, na alikuwa amekwisha fungua mdomo amwite Stoffel mezani.

Mtu alimtangulia.

Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja. Ndani kulikuwa giza, na kutoka kwenye giza lile ilikuja sauti nzito, yenye mkwaruzo, sauti ya kina Trexler. Baba, ambaye amelala kaburini kichwa wazi? Au mwana, ambaye angepaswa kuwa mlimani, na ambaye kwa neno moja tu amejitia mikononi mwa askari anayekuja na bunduki? Appolonia, mke wa mmoja na mkwe wa mwingine, alisikiliza kwa mwili mzima, na hakujua.

"Stoffel!" ilisema sauti. "Unasimama nje kama nani? Ingia ule."